Aliyechagua Kisanduku Kidogo

Wafiwa wenzangu, wakwe zetu, majirani, na ninyi wa chuo kikuu mliofika na basi lenu na shada lenu la maua, mimi niliyesimama hapa ni mdogo wake marehemu wa ziwa moja, niliyezaliwa mara tu baada yake, kwa kazi ni fundi cherehani, na nimepewa jukumu la kusoma historia hii si kwa sababu ya elimu, maana chuma ninachokijua mimi ni sindano, bali kwa sababu sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Kabla sijaanza nawaambia jambo moja, ili asiwepo wa kusema kwamba alishtukizwa: jana mchana ukoo ulikaa kikao ili kuondoa sehemu moja ya historia hii, sehemu ambayo marehemu mwenyewe aliagiza isomwe mbele ya watu, na mimi nitaisoma. Inahusu uongo aliousema marehemu kazini, na mtu aliyeumia kwa uongo huo yuko hai, na yuko hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, katika zahanati ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba yetu, karani wa ghala, na mama yetu, mshonaji, na alikulia katika nyumba za watumishi zilizokuwa nyuma ya stesheni, vyumba viwili vyenye sakafu nyekundu ya saruji na dirisha lililotikisika kila treni ilipopita. Tangu akiwa mdogo alikuwa mharibifu mwenye sababu, alivunja kufuli la baba, akavunja kijiko cha mama, akavunja kishikizo cha mlango wa jirani, na kila alipovunja alikaa chini na kutazama mahali palipokatikia, akatuita wote tuone kwamba chuma ndani kina punje zinazong'aa kama sukari. Hapo ndipo alipopata jina la Punje, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko jina lake la vyeti, na mama alizoea kusema kwamba ukimkosa mtoto huyu usimtafute uani, tafuta palipovunjika kitu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1970 katika shule ya msingi ya reli, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia mwaka 1977, na mwezi Julai 1983 alijiunga na chuo kikuu kusomea uhandisi wa vyuma, akiwa msichana pekee darasani, jambo lililomfanya baba atembee mtaani wiki nzima akisalimia hata watu aliokuwa amegombana nao. Alihitimu mwaka 1987 kwa daraja la kwanza, akaajiriwa hapo hapo kama mhadhiri msaidizi, na kuanzia Septemba 1990 hadi Novemba 1994 alikuwa ng'ambo kwa masomo ya uzamivu, ambako alijifunza kazi aliyoifanya hadi kustaafu, yaani kuiga tabia za vyuma ndani ya kompyuta.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, mfamasia, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, hata siku ile nilipomchomea suruali yake ya harusi kwa pasi. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1989, na wavulana wawili waliozaliwa mwaka 1995 na 1999, na miaka yote marehemu alipokuwa ng'ambo shemeji ndiye aliyemlea binti, akamsuka nywele mwenyewe, vibaya sana, watu wakamsema kwamba amekaliwa na mke, naye akawajibu kwamba kukaliwa ni bora kuliko kukaa bure. Shemeji, pole sana, na uvumilie nitakayoyasema.

Kuhusu kazi yake, niliwahi kumtembelea ofisini mwaka 1998 nikitarajia kukuta tanuru, nyundo na watu wenye jasho, nikakuta chumba cha ghorofa ya tatu chenye mapazia ya kijani yaliyofungwa mchana kutwa, kiyoyozi kilichodondoshea maji kwenye ndoo ya plastiki, na kompyuta zilizopangwa ukutani zikivuma bila kupumzika. Nilipouliza chuma kiko wapi alinionyesha kioo cha kompyuta, palikuwa na vidoti vya buluu vinatetemeka, nikamwambia, "Dada, kumbe unalipwa mshahara kucheza gemu?" akacheka hadi akashika meza, kisha akanieleza kwa lugha ya cherehani ili nielewe, na maelezo yale naomba myashike, kwa sababu bila hayo hamtaielewa aibu yetu.

Alisema kwamba kila kidoti ni atomi moja, na kwamba hata kipande cha chuma kidogo kama ukucha kina atomi nyingi mno, hakuna kompyuta duniani inayoweza kuzihesabia zote mienendo yake, kwa hiyo wao huchukua kisanduku kidogo tu cha atomi, kisha huiambia kompyuta ijifanye kwamba kisanduku hicho kinajirudia kila upande bila mwisho, kama ua moja linavyojirudia kwenye kitambaa kizima. Ukitaka kujua ufa utakuaje ndani ya chuma, unauweka ufa ndani ya kisanduku, unavuta, unatazama. Ila kisanduku kikiwa kidogo mno, ufa unajikuta umebanana na nakala zake zenyewe za kisanduku cha juu na cha chini, zinagawana mzigo, zinapunguziana makali, na wewe unayetazama unaona ufa umesimama, unashangilia kwamba umepata chuma kisichopasuka, kumbe umepata kisanduku kidogo. Alisema kila mtu wa kazi yao anaujua mtego huo, ni kama sisi mafundi tunavyojua kupima mara mbili kabla ya kukata, na dawa yake ni moja tu, rudia hesabu kwa kisanduku kikubwa zaidi uone kama jibu linabaki lile lile.

Mwaka 2005 alimpokea mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, binti wa seremala, mwenye maneno machache na mkono mwepesi, ambaye hapa nyumbani tulimwita Mgeni wa Jumapili, kwa utani, kwa kuwa hakuwa mgeni hata kidogo. Kila Jumapili alikuja akachambua mchele, akamfundisha hesabu binti yetu mkubwa, akabishana na shemeji kuhusu redio, akamwita marehemu "Mwalimu" hata akiwa na mikono yenye sabuni jikoni, na mimi aliniita mjomba kama wapwa zangu wanavyoniita. Huyo ndiye aliyeendesha hesabu za aloi mpya ya chuma, mchanganyiko ambao marehemu aliuamini, na mwaka 2007 hesabu hizo zilionyesha ufa unaanza, unatembea kidogo, unasimama.

Mwanafunzi hakuridhika. Alimwomba mwalimu wake wakuze kisanduku warudie, marehemu akamjibu kwamba kisanduku kinatosha, kwa sababu kisanduku kikubwa kingehitaji wiki nyingi kwenye foleni ya mashine kuu ya chuo, na mkutano wa watafiti ulikuwa mlangoni, na tuzo ya mwaka ule ilikuwa inanukia. Aliomba tena, akajibiwa hivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Utafiti ukachapishwa, tuzo ikaja, picha ya marehemu akiipokea ikatundikwa sebuleni kwetu juu ya televisheni, na sisi ndugu tukaitembelea picha ile kama watu wanaokwenda kuona mtoto mchanga.

Mwezi Agosti 2009 kiwanda kimoja cha pampu kilitengeneza mhimili wa majaribio kwa aloi ile, na ulipozungushwa ulikatika katikati ya kazi, kipande kikatoboa ukuta wa karakana, na kwa rehema za Mungu mafundi walikuwa wametoka kwenda kula. Wiki ile ile marehemu alijifungia ofisini, akarudia hesabu peke yake kwa kisanduku kikubwa, na ufa ukatembea kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kusimama. Naomba mnielewe vizuri hapa, ndugu zangu, alijua. Chuo kilipounda kamati mwezi Novemba, na wajumbe wakamuuliza ni nani aliyechagua ukubwa wa kisanduku, dada yangu alijibu, na haya ni maneno yake kama alivyonitajia, "Faili aliliandaa mwanafunzi."

Maneno hayo ni ya kweli, faili aliliandaa mwanafunzi, na huo ndio ubaya wake, kwa kuwa aliyasema ili yaeleweke vingine, yakaeleweka vingine. Mwanafunzi alipoitwa akasema kwamba aliomba kisanduku kikubwa akakataliwa, mjumbe mmoja akamuuliza nani alisikia, hakuna aliyesikia isipokuwa mwalimu wake, na mwalimu wake alikuwa ameketi mbele yake akitazama meza. Tarehe 11 Desemba 2009 aliondolewa chuoni kwa uzembe na kupotosha matokeo, ufadhili wake ukafutwa, na kila chuo alichoomba baadaye kiliuliza chuo cha kwanza kinasemaje, kisha kikanyamaza. Jumapili iliyofuata hakuja nyumbani, na wapwa zangu walipouliza waliambiwa amesafiri.

Marehemu alipanda kuwa profesa kamili tarehe 1 Julai 2011, na tulisherehekea, hema lilifungwa pale nje mnapokaa sasa, nilimshonea gauni la zambarau nikakataa anilipe, na mshahara ule ulisomesha watoto wake na watoto wa ndugu zake, wakiwemo wangu. Kwa hiyo ninaposema aibu yetu sisemi kwa adabu tu, tulikula matunda ya kisanduku kile sote, wengine kwa kutojua, wengine kwa kutotaka kujua, maana binti aliyekuwa akichambua mchele jikoni kwetu kila wiki alitoweka kama chumvi kwenye maji na hakuna mtu mzima hata mmoja katika ukoo huu aliyekwenda kumgongea mlango amuulize kulikoni. Leo anapima na kukata madirisha ya alumini, ana duka lake na wafanyakazi wake, na nyumba kadhaa za mtaa huu zina madirisha yake, ikiwemo ya baba mkubwa, ambaye jana kikaoni, nyumbani kwake, alipokuwa akisema kwamba mtu huyo hatumjui, alikuwa ameegemea dirisha hilo hilo.

Marehemu alistaafu tarehe 9 Agosti 2022. Mwezi Januari 2024 alianza kuvimba miguu na kuchoka, vipimo vikaonyesha ini limeharibika, na kuanzia hapo alikuwa akiingia na kutoka hospitali. Mwezi Machi, katika siku alizojisikia nafuu, aliniomba nimpeleke chuoni, akavaa lile gauni la zambarau lililokuwa limempwaya, akapanda ngazi mwenyewe, nami nikabaki kwenye gari nikimsubiri. Alirudi baada ya muda mfupi, akafunga mkanda, akasema, "Wamefurahi kuniona, wamenipa chai." Nilipomuuliza kama amesema alichokwenda kusema aliniambia niwashe gari, na hiyo ndiyo siku niliyojua kwamba mwanamke ambaye hakuogopa kuvunja kufuli la baba alikuwa anaogopa kikombe cha chai.

Mwezi Mei, akiwa amelazwa, alimtuma binti yake mkubwa kwa yule tuliyesema kwamba amesafiri, na alikuja, akiwa na vumbi la alumini kwenye mikono ya shati, akasimama miguuni pa kitanda. Mimi nilikuwepo. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Umekula?" Marehemu hakuitikia shikamoo, alisema, "Ukubwa wa kisanduku nilichagua mimi," na yeye akajibu, bila hasira, kama mtu anayethibitisha kipimo cha dirisha, "Najua, Mwalimu. Nilikuwepo." Marehemu akaanza kulia, akaomba msamaha, na mgeni wetu akavuta kiti, akamshika mkono, akakaa naye hadi wauguzi walipotutoa, lakini neno la msamaha hakulitoa, alisema tu kwamba yeye haikumsaidia kuambiwa anachokijua, wanaopaswa kuambiwa ni wale walioambiwa vingine. Alipoondoka marehemu aliniambia nilisome jambo hili siku ya kumzika, mbele ya watu wa chuo, nisilipunguze wala nisilipambe, akaniapisha kwa jina la mama.

Jana kwenye kikao baba mkubwa, ambaye ni mkubwa wetu na ninamheshimu, alisema historia ya marehemu si mahakama, akasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na kwamba mwosha mwenye adabu hufunga mdomo. Maneno hayo ni ya hekima, tena ya zamani, na watu wazima wengi walitikisa vichwa kumkubalia, na wengine wakanikumbusha kwamba nina wajukuu watakaosikia. Nilijibu kwamba mwosha hufunga mdomo kwa aibu ambayo maiti anakwenda nayo kaburini, hii ya kwetu haiendi kaburini, inabaki juu ya mgongo wa mtu aliye hai. Binti mkubwa alisema, "Mjomba, soma." Shemeji alivua miwani, akasema, "Isomwe. Mimi ndiye nitakayebaki na aibu hii ndani ya nyumba, na nyumba ni yangu." Baba mkubwa, nakuomba radhi kwa kukuvunjia neno mbele ya watu, nitakuja nyumbani kwako kukuomba radhi tena.

Marehemu alifariki tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, katika wodi ya wanawake, mume wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na moja, ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, na mwanafunzi mmoja asiye na shahada aliyoisomea.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa upole hata pale alipokuwa mkali kwao, tunawashukuru majirani kwa viti, kwa maji, kwa kuni na kwa kulala macho pamoja nasi, tunamshukuru mwenye gari ambaye hakutaka nimtaje. Tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake wa chuo kikuu, na kwenu nina ombi, nalo ni ombi la marehemu. Mkuu wa idara, ninajua ulikuwa mjumbe wa ile kamati, sikulaumu, uliamini ulichoambiwa na mtu uliyemheshimu, lakini leo umeambiwa kingine, mbele ya mume wake, watoto wake na jeneza lake, na sisi familia tuko tayari kuja kuketi mbele ya kamati yoyote na kurudia haya neno kwa neno. Tunaomba mwanafunzi huyu asafishwe, na kama bado ana hamu ya kurudi darasani, mlango afunguliwe na ninyi, asiubembeleze yeye.

Imebaki kumuaga dada yangu, na ninyi mnajua maneno tunayofunga nayo, niliyasema kwa baba, niliyasema kwa mama, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeomba ruhusa ya kuyasema. Asubuhi nilimfuata Mgeni wa Jumapili pale alipokaa, mstari wa nyuma kabisa, ambako hakuna mtu wa ukoo aliyekwenda kumwambia asogee, nikamuuliza kama ataumia nikiyasema. Alifikiri kwanza, akaniambia, "Sema tu, mjomba, ni dada yako. Ila usiseme kwa niaba yangu."

Punje, dada yangu, kwa niaba ya mumeo, kwa niaba ya wanao na wajukuu zako, na kwa niaba yangu mimi mdogo wako ninayekupenda na leo nimekuonea haya, pumzika kwa amani. Kwa niaba yake sikutumwa.